Spika za Njeru na Nobu Isiyofika Popote

Ninyi mnaofungua studio siku hizi, kuanzia Nkubu mpaka Embu, nawaandikia nikiwa na hasira, na sitaki mtu aseme kwamba iliisha nikiwa katikati ya kuandika. Haijaisha. Mimi huandika polepole. Niliishia darasa la nane, na ukurasa mmoja hunichukua muda wa githeri kuiva. Hasira imekaa hapo kando ikiningoja kwa kila neno.

Chanzo ni hiki. Murithi, kijana mwenye studio pale Nkubu juu ya duka la dawa za mifugo, alikuja kwangu Kanyakine na spika mbili nyuma ya pikapu, zimefunikwa na gunia la mbolea. Nilizijua kabla hajafunua. Ukifanya kazi mbele ya spika mbili miaka yote ya nguvu zako, unazijua mabega hata zikiwa ndani ya gunia.

"Tata," akasema. Ananiita Tata, yaani shangazi, ingawa hatuna undugu. "Zimenyamaza juu. Chini bado zinaongea."

Niliinama nikanusa. Koili, ule waya uliosukwa ndani ya spika, ikiungua hunuka vanishi na nywele zilizoshika moto, na harufu hiyo haitoki upesi. Ilikuwa imejaa ndani ya masanduku yote mawili.

"Nani aliongeza sauti?"

"Hakuna mtu aliongeza sana."

"Murithi."

"Ni kwaya, Tata. Walikuwa wanasema hawajisikii."

"Ulizifungia amplifaya gani?"

Akatazama migomba. "Kadogo tu. Nilinunua kadogo makusudi, ndiyo zisiumie."

Niliingia ndani nikaketi. Ningebaki pale nje ningesema neno ambalo majirani wangelibeba mpaka kanisani.

Kadogo makusudi. Karibu kila spika nzuri iliyokufa katika milima hii iliuawa na maneno hayo mawili. Mtu ana spika ya zamani, anaiogopea, anasema ni mzee huyu, nitamtafutia amplifaya mnyonge asimchoshe. Basi anamuua. Na anamuua kwa huruma, ndiyo maana hakuna anayejifunza.

Nitaeleza jambo hili mara moja, na mtu asinipigie simu kuniuliza.

Hesabu amplifaya kama mwimbaji. Mwenye kifua kikubwa akiimba taratibu, sauti inatoka safi, na akifika mahali pa kupanda anapanda bila kukunja uso, kwa sababu pumzi anayo akibani. Sasa chukua mwenye kifua kidogo umwambie ajaze kanisa. Anafika mwisho wa pumzi na wimbo bado unapanda. Anafanya nini? Anapiga yowe. Amplifaya ndogo ikibanwa hufanya hivyo hivyo. Inafika mwisho wa nguvu zake, vichwa vya sauti vinakatwa, vinakuwa bapa kama vilivyopigwa panga. Na sauti iliyokatwa kichwa hujaa ukali wa juu, ambao wote hukimbilia kwenye ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ambayo mafundi tunaiita tuita. Waya wa tuita ni mwembamba kuliko unywele. Haukutengenezwa kubeba yowe. Unaungua, na mwenye kiherehere cha kuongeza anasema, "Lakini amplifaya ilikuwa ndogo."

Spika hizi ni za Njeru, mzee aliyenifundisha kazi, na zimeandikwa wati sitini nyuma, kwenye kibati. Amplifaya ambayo Njeru alizifungia ilikuwa ya wati mia moja na ishirini za kweli, na aliiendesha kana kwamba amebeba mayai. Mara mbili ya spika, na mkono wenye adabu. Lakini msishike nusu ya kwanza mkaacha ya pili. Kubwa bila adabu hupasua karatasi ya spika ya chini, ile ya besi. Hilo nalo nimeliona sana, ila karatasi ninaweza kuigundisha. Tuita iliyoungua siwezi kuifufua. Tuita za aina ile hazitengenezwi tena, na Njeru aliponiachia vifaa vyake aliniachia mbili tu za akiba, zimefungwa pamba ndani ya mkebe wa majani ya chai. Zikiisha hizo, spika zimekwisha. Zitabaki masanduku ya kuatamishia kuku.

Murithi alijua habari za mkebe huo. Hakuja Kanyakine kunijulia hali.

Hebu niwaambie Njeru alikuwa nani, kwa sababu mmekuwa mkimtaja kama mzee fulani aliyependa vitu vizito.

Alikuwa mtu wa Embu. Ujanani alizunguka na gari la sinema, lile lililoonyesha picha sokoni ukutani mwa bucha, yeye akiwa wa kutazama jenereta na sauti. Alipohamia Nkubu akafungua chumba cha kurekodia kwaya, alitafuta mtu wa kusuka koili, mwenye vidole vyembamba na mdomo mfupi. Mama yangu akanipeleka. Mimi nilikuwa msichana wa aibu, aibu ya kumfanya mtu apitie nyuma ya nyumba wageni wakija. Nadhani wiki zile za mwanzo Njeru hakuwahi kusikia sauti yangu. Hakujali. Alisema chumba cha kusikilizia kinahitaji angalau mtu mmoja anayesikiliza.

Hakuwa mpole. Mara ya kwanza nilipomletea amplifaya iliyotoka dukani, imeandikwa kwa herufi za dhahabu wati elfu mbili, aliniuliza, "Umeipima?"

Nikatikisa kichwa.

"Geuza. Soma fyuzi."

Fyuzi ilikuwa ya ampea tatu.

"Stima ya nyumbani ni ngapi?"

"Mia mbili na arobaini," nikasema, kwa sauti ya panya.

"Zidisha kwa tatu."

Nikazidisha kwenye kiganja. Mia saba na ishirini.

"Hiyo ndiyo yote inayoweza kuingia. Sasa hizo elfu mbili zinazotoka, zinatoka wapi? Zinanyesha?"

Mpaka leo nikiingia duka la vifaa vya muziki huko Meru mjini sisomi kibandiko. Nageuza, nasoma fyuzi, kisha nainua. Amplifaya ya kweli ina transfoma ndani, na transfoma ni shaba na chuma, inauma mgongo. Inayoinuliwa kwa kidole huku imeandikwa maelfu, mwachieni mwenye duka aipigie muziki harusi ya binti yake. Najua zipo za kisasa nyepesi na za kweli, msinifokee. Lakini hizo hazina herufi za dhahabu wala taa za kukonyeza.

Jambo jingine alilonifunza ni kusoma omu, yaani kipimo cha spika inavyouzuia umeme, kabla ya wati, na hilo nililielewa vizuri Kangeta. Mwenye hoteli mmoja pale, jirani na soko la miraa, alikuwa na amplifaya nzuri na spika mbili. Biashara ikapanda, akaongeza spika mbili upande wa nje, halafu mbili jikoni, zote ameziunga kwenye waya uleule. Amplifaya ikawa inazima kila jioni. Alituita akisema ina mapepo. Njeru aliishika juu akaondoa mkono haraka, akamuuliza, "Una ng'ombe?"

"Ninaye."

"Ananyonyesha ndama wangapi?"

"Mmoja."

"Ukimwekea sita?"

Yule bwana akacheka. "Atanipiga teke aende zake."

"Basi huyu wako ni mpole, anazimia tu." Kila spika unayoongeza namna hiyo hushusha omu, na omu zikishuka amplifaya inanyonywa kuliko inavyotoa. Yule bwana alielewa hapo hapo, na shule yake ilikuwa soko tu. Watu wa diploma na watu wa gereji, wote mnaniletea makosa haya haya, kwa hiyo msianze kutazamana.

Sasa nirudi Nkubu, kwa lile lililoniudhi.

Spika za studio si za kufurahisha watu. Kazi yake ni kusema ukweli, ili fundi ajue kilichomo kwenye wimbo kabla haujaenda kwa watu. Ndiyo maana husikilizwa kwa sauti ya kadiri, kama mnaongea mezani. Lakini kwaya zetu zina desturi yake. Wimbo ukimalizika kuchanganywa, yaani sauti zake kupimwa na kulinganishwa, kunakuwa na siku ya kusikiliza. Wanakuja wote, wamevaa sare, na mukimo wa viazi na mahindi ya kupondwa kwenye ndoo, na chai kwenye chupa kubwa, na mwenyekiti wao mbele. Wanasimama kwa sauti zao, kama kanisani. Na kila sauti haikubali wimbo mpaka ijisikie.

Njeru aliijua siku hiyo kuliko mimi ninavyoijua njia ya mtoni. Juu ya meza yake, mbali na vingine, kulikuwa na kidude kikubwa cheusi cha kuzungusha. Sisi tunakiita nobu. Kilikuwa na ukubwa wa kifuniko cha chupa ya uji, na mstari mweupe, na namba zilizochongwa kuzunguka. Wimbo unapigwa. Unaisha. Kimya. Halafu wanawake wa sauti ya pili wanaanza.

"Mzee, sisi hatupo."

"Hampo?"

"Labda tulibaki Kanyakine."

Njeru anainuka. Anaikunja mikono ya shati. Anashika nobu, anaizungusha taratibu, uso umekunjamana kama wa daktari. Anapiga tena wimbo.

"Sasa?"

"Hapo sasa tunajisikia."

Kisha wanaume wa besi. "Na sisi je, tulikuja kubeba viti?" Anainuka tena, anazungusha. Kisha soprano, ambao walikuwa wanasikika mpaka barabarani, lakini hawangekubali kuachwa. Kila sauti ikapata zamu yake. Kisha mwenyekiti anaomba, tunakula mukimo, wanakwenda.

Nilikuwa nimekaa naye miaka kadhaa kabla sijatumwa chini ya meza kutafuta waya uliokatika. Nikafuata waya wa ile nobu. Ulishuka mguu wa meza, ukapita nyuma ya kabati, ukaishia kwenye msumari. Haukufika popote. Nilitoka na vumbi kichwani nikamtazama. Njeru hakuacha kunywa chai.

"Umeona," akasema.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Spika hizo zikiongezwa kila mtu anapotaka kujisikia, zitaungua kabla ya Pasaka. Na binadamu hataacha kutaka kujisikia."

Nobu ya kweli, ile ya amplifaya, ilikuwa nyuma ya pazia. Baadaye nilipoachiwa studio niliichora mstari kwa rangi yangu ya kucha, nyekundu, mahali pa kutovuka. Miaka yote niliyofanya kazi hapo spika hazikuungua. Nilizungusha nobu ya Njeru mbele ya kwaya za Imenti na za Embu, nikikunja uso kama yeye, na kila mmoja akaenda nyumbani amejisikia. Masikio yalipoanza kuchoka nikamkabidhi Murithi chumba, kwa sababu baba yake ndiye mwenye nyumba, nikarudi kwenye kahawa yangu.

Nilimwambia asibadilishe chochote kabla ya kuniuliza. Alisema sawa, Tata.

Sasa sikilizeni alivyofanya. Alileta meza mpya. Alipovunja ya zamani, yeye na wenzake walifuata ule waya mpaka kwenye msumari, wakacheka hadi wakaketi sakafuni. Hili alinisimulia mwenyewe, pale nje kwangu, na bado alikuwa anaona lina utamu.

"Tata, kumbe huyo mzee alikuwa anazungusha hewa. Miaka yote hiyo, na nyinyi hamjui."

Akaendelea bila kuutazama uso wangu.

"Tukatoa. Sasa kila kitu naongezea kwenye kompyuta, na kipanya. Ni rahisi."

"Na amplifaya?"

"Ile ya zamani ilikuwa inakula nafasi. Jamaa wa duka huko Meru akaniuliza, spika ni wati ngapi? Nikamwambia sitini. Akasema, basi chukua ya arobaini, ukae salama."

Huyo jamaa wa duka naye simjui, na ni heri yake.

Ikafika siku ya kusikiliza ya kwaya ya wanawake na wanaume wa Kanyakine, ambayo mwenyekiti wake ni Mama Kagendo, mwanamke aliyeimba kwa Njeru tangu akiwa bibi arusi. Wimbo ukaisha, sauti ya pili wakasema hawapo. Murithi akaongeza kwa kipanya. Wakasema bado. Akaongeza. Besi nao wakasema wao je. Akaongeza. Kila mmoja akaendelea kusema bado, na yule mwimbaji wa kifua kidogo, yaani amplifaya yake, akawa ameshafika mwisho wa pumzi na anapiga yowe, na Murithi anadhani ni utamu wa wimbo. Tuita ya kushoto ikaenda kwanza. Ya kulia ikaifuata kabla ya ubeti kuisha.

Lililofuata ndilo lililomleta kwangu. Hakuniambia mara moja. Alinunua spika nyingine, zile za kupiga dum dum kifuani, akamalizia kazi ya kwaya kwa hizo. Spika za namna hiyo hujaza besi isiyokuwepo. Murithi akasikia besi nyingi, akaipunguza, akaipunguza tena. Kwaya ikapeleka wimbo kanisani ukapigwa Jumapili mbele ya watu wote, na wanaume wakatoweka. Walikuwa wamesimama pale mbele na suti zao wakijisikiliza wasivyokuwepo. Watu wakaanza kuwauliza kama siku ya kurekodi walikuwa kwenye mnada wa ng'ombe.

Mama Kagendo alimpigia Murithi simu, hakufoka. Alimwambia wimbo urudiwe kuchanganywa kwa spika za Njeru, na siku ya kusikiliza irudiwe, la sivyo kwaya itahamia Embu na itaeleza kila mahali sababu ya kuhama. Murithi alijua kwamba Kanyakine ikihama, kwaya zote za Imenti Kusini zitaifuata. Ndipo akazipakia spika na gunia la mbolea.

Nikarudi nje. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa pikapu.

"Tata, si zimebaki mbili."

"Zimebaki mbili. Halafu hakuna."

"Nitazichunga."

"Ulisema hivyo mwanzoni."

Kijana huyu si mbaya. Ana sikio zuri kuliko nilivyokuwa nalo umri wake, na hilo linanikera zaidi, kwa sababu mjinga ningemsamehe upesi. Nilimwachia maji ya kunywa nikaenda kuchuma kahawa. Niliporudi bado alikuwa amekaa. Tuita zile mbili niliziweka kwa miaka mingi nisijue ninamwekea nani, na sikutaka iwe ni mtu aliyecheka sakafuni. Lakini zikibaki ndani ya mkebe, mwisho wake nini? Nikifa wajukuu watazifanya magurudumu ya gari la waya.

"Amplifaya ya Njeru iko wapi?" nikamuuliza.

"Kwa duka la chini. Wanawekea mlango, usifungwe na upepo."

"Na nobu?"

Hapo akakawia. "Kwa mama. Nilimtengenezea kabati ya vyombo, ikakosa mshikio."

"Kaichomoe."

"Tata, lakini hiyo haifanyi kitu."

"Kaichomoe kabla sijabadili nia."

Akaenda. Jioni ile ile nilianza kazi. Andikeni hili, maana hakuna atakayewafunza. Tuita ya zamani usiijaribu kwa muziki. Chukua betri ndogo ya tochi, gusisha waya mara moja tu, usikilize. Ikisema tk, nyembamba na safi, ni nzima. Ikinyamaza imekufa. Ikikwaruza, waya umelegea, na itakufa harusini. Ile spika ya chini isukume kwa vidole vilivyotandazwa, taratibu, sikio karibu. Ikiteleza bila mlio, koili imenyooka. Zangu zilisema tk, zote mbili. Nilizifunga, nikaziba masanduku, na sikulala vizuri.

Kesho yake tulizirudisha spika Nkubu, na amplifaya ya Njeru tuliisugua mbolea na mavi ya kuku. Usiiwashe moja kwa moja iliyokaa miaka. Funga balbu ya zamani ya moto kwenye waya wa stima kabla yake. Balbu ikiwaka kidogo halafu ikafifia, endelea. Ikibaki inawaka sana, zima, kuna kitu kimeshikana ndani. Ilififia. Niliitafuta alama yangu ya rangi ya kucha chini ya uchafu nikaikuta pale pale, nyekundu. Nikawaambia vijana wote wa pale, wale waliocheka, waje waiangalie mmoja mmoja. Walikuja. Hawakucheka.

Murithi alichanganya wimbo upya, sauti ya kadiri, kama mnaongea mezani. Wanaume wakarudi kwenye wimbo. Hata mimi mwenye masikio yaliyochoka niliwasikia wakiingia mahali pao.

Siku ya kusikiliza nilikaa pembeni, nyuma ya mlango, pale nilipokuwa nikikaa ujanani. Kwaya ikapanda ngazi na ndoo ya mukimo. Mama Kagendo akakaa mbele, fimbo magotini. Murithi alikuwa ameifunga nobu ya Njeru kwenye meza yake mpya, nyeusi kubwa kati ya vitu vyembamba vyenye taa. Waya wake tuliushusha mguu wa meza kama zamani, na kwa kuwa hakukuwa na msumari tuliufunga kwenye mguu wa kiti.

Wimbo ukaisha. Kimya.

"Murithi, sisi hatupo," wakasema sauti ya pili.

Aliniangalia. Nilimwangalia kwa namna ambayo hakuhitaji kuuliza. Akainuka, akashika nobu, akaizungusha haraka haraka kama anayefunga bomba. Akapiga tena wimbo.

"Sasa?"

Wakatazamana. "Hapo sasa tunajisikia," wakasema, lakini kwa shingo upande.

Ikaja zamu ya besi, ikaja zamu ya soprano. Spika hazikupanda hata kidogo kupita pale zilipoanzia. Mama Kagendo akaomba, tukala, wakaanza kushuka. Mimi nilimsaidia mama huyo kwenye ngazi, kwa sababu magoti yake yamekuwa mazito.

Katikati ya ngazi akasimama kupumua. "Huyo kijana anazungusha kama amechokozwa," akasema. "Njeru alikuwa anazungusha kama mtu anayekuheshimu."

"Atajifunza."

"Ni hewa tu, lakini lazima izungushwe vizuri."

Nilidhani sikusikia. "Unasema?"

"Hiyo nobu haijafungwa popote. Mume wangu alikuwa fundi wa stima, aliuona huo waya kwa msumari mwaka wetu wa kwanza."

"Mlikuwa mnajua?"

"Kwaya yote. Sasa wewe ulifikiri watu hamsini hawana masikio?"

"Basi kwa nini mnasema mnajisikia?"

"Kwa sababu ameinuka. Sauti ya pili wameambiwa nyinyi pia mpo, mzee mzima ameinuka kwa ajili yenu. Ukishainukiwa, inatosha, unakaa chini na mwingine apate zamu." Akaanza kushuka tena. "Ile siku ya kuungua tulingoja ainuke. Hakuinuka. Alikuwa anachezacheza tu na hicho kipanya, mkono hauonekani. Tutakaaje chini na hatujainukiwa? Tukaendelea kusema bado."

Mambo mengi yalinipanda kichwani pamoja. Nilikunja uso nikizungusha nobu ile miaka yote, nikiogopa siku watakayogundua, nikilala na siri hiyo kama mtu aliyeficha ng'ombe wa wizi.

"Na Njeru alijua kwamba mnajua?"

"Hiyo utamuuliza ukimfikia."

"Mbona hakuna aliyeniambia mimi?"

Mama Kagendo alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe si ulikuwa huongei. Tulifikiri ni siri hiyo uliyokuwa unaitunza."

Alifika chini, akapewa nafasi ya mbele kwenye gari la kwaya, wakaondoka. Nilibaki kwenye mlango wa duka la dawa za mifugo, ambao sasa ulikuwa unafungwa na upepo kwa sababu amplifaya imerudi juu. Nilikuwa na hasira na Murithi, na jamaa wa duka la Meru, na Njeru aliye kaburini Embu, na watu hamsini wenye masikio. Nina hasira nao hadi ninapoandika hapa.

Murithi akashuka mbio. "Tata, mama alikuwa anasema nini? Amefurahi?"

"Amesema siku nyingine uzungushe polepole," nikamwambia, "na uinuke vizuri."

Sikumwambia zaidi. Murithi, ukisoma hapa sasa umejua. Mkebe wa majani ya chai hauna kitu. Bado utainuka.